Isome kwa Kiswahili Kwanza, Halafu Uniambie Ati ni Neno Tu

Wasee, fanyeni jaribio hili. Fungua daftari lako la elektroniki, ule ukurasa wa I2C, ile njia ya waya mbili ambayo kila mtu aliyewahi kuchezea Arduino ameipitia. Sasa usome kwa Kiswahili. Kwa sauti, si kichwani.

“Bwana ndiye huanzisha mazungumzo. Mtumwa hasemi kitu mpaka aitwe kwa namba yake. Bwana mmoja anaweza kuwa na watumwa 112 kwenye laini moja. Mtumwa asipojibu, bwana humwita tena.”

Umemaliza? Sasa panda feri ya Likoni usome hivyo hivyo, sauti ile ile, mbele ya abiria. Ama keti barazani Old Town Mombasa uwasomee wazee somo lako la leo. Huwezi. Ulimi utakwama kwenye sentensi ya pili, na mtu atakuuliza kwani hiyo ni nini unasomeshwa huko chuoni.

Kwa Kiingereza tunasema “master” na “slave” siku nzima na hakuna anayeshtuka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayaandika, lec anayachora kwenye ubao, fundi anayasoma kwenye karatasi ya chipu, na maisha yanaendelea. Kwa Kiswahili yanakataa kumezwa. Na hiyo ndiyo hoja yangu yote leo: kama neno huwezi kulitafsiri mbele ya nyanya yako bila aibu, basi hata kwa Kiingereza halikuwa safi. Lilikuwa limejificha tu. Na sisi vijana wa Kenya ndio watu wa mwisho duniani wenye sababu ya kuendelea kulibeba.

Kwa wale hamjasomea hii kitu, maelezo ni mafupi. Kwenye mashine, mara nyingi kuna kifaa kimoja kinachotoa amri na vingine vinavyoitikia. Chipu kuu inauliza kipima joto, “Sasa hivi ni digrii ngapi?” Kipima joto kinajibu. Database moja inapokea mambo mapya, na nyingine zinanakili. Kwa miaka mingi wahandisi waliita hicho cha amri “master” na vinavyoitikia “slave”. Jozi hiyo ndiyo naizungumzia. Hata sina vita na mtu aliye na shahada ya masters. Neno moja likiwa peke yake ni hadithi nyingine. Shida ni hawa wawili wakisimama pamoja.

Najua mtakachosema. Nimeshasikia yote, kwa hivyo twende moja moja.

La kwanza: “Hiyo ni shida ya Wamarekani. Ilianza 2020 baada ya George Floyd. Sisi inatuhusu aje?”

Ni kweli mwaka wa 2020 ndio kelele zilikuwa nyingi. GitHub ilianza kuita tawi la kwanza la kila mradi mpya “main” badala ya “master” kuanzia tarehe 1 Oktoba 2020. Lakini kulalamika hakukuanzia hapo. Mwaka wa 2003 serikali ya kaunti ya Los Angeles iliwaandikia wauzaji wa vifaa ikiwaomba waache lebo za “master” na “slave”, baada ya mfanyakazi mmoja kuziona kwenye mashine ya kazini na kulalamika. Watu walicheka sana. Miaka kumi na saba baadaye, walewale waliokuwa wanacheka walikuwa wanabadilisha lebo zao.

Lakini wacha Marekani. Turudi kwetu.

Mtafiti anayeitwa Ron Eglash alichapisha makala mwaka wa 2007 kwenye jarida la Technology and Culture, akitafuta jozi hii iliingiaje kwenye lugha ya ufundi. Mfano wa zamani zaidi aliopata ni wa mwaka wa 1904, na haukutoka California. Ulitoka Cape Town. Mwanaastronomia David Gill, mkuu wa kituo cha kutazama nyota pale Cape, alikuwa anaeleza saa yake mpya. Pendulamu moja ilikaa ndani ya chombo kilichofungwa karibu hewa isipite, ibembee bila kusumbuliwa. Pembeni kulikuwa na saa ya pili, yenye magurudumu na kazi yote ya kuhesabu, ikifuata ile ya kwanza kwa umeme. Hiyo ya pili, iliyofanya kazi yote, ndiyo aliyoiita saa ya mtumwa.

Cape Town, manze. Mji ambao uliendeshwa kwa watumwa mpaka 1834, na wengi wao walitolewa Msumbiji na Madagascar, pwani hii hii yetu ukiteremka chini kidogo. Neno lilizaliwa Afrika, kwenye mdomo wa mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye koloni, miaka sabini tu baada ya sheria kuwaachilia watu wenye miili. Halafu leo msee wa Nairobi ananiambia ati ni maneno ya Wamarekani.

Na hapa nyumbani? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar na Pemba mwaka wa 1897. Pwani ya Kenya ulifutwa 1907. Rudia hesabu hiyo polepole. Gill alipoandika juu ya saa yake 1904, bado kulikuwa na mtu Mombasa au Malindi ambaye sheria ilimtambua kama mali ya mtu mwingine. Haikuwa tamathali ya usemi kwake. Ilikuwa Jumatatu.

Ukishukia Kengeleni, Mombasa, umewahi kuuliza jina limetoka wapi? Ni kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Wajukuu na vitukuu vyao wako. Wengine wamo darasani na wewe, wanachora mchoro wa I2C, wanaandika “slave 1, slave 2, slave 3” kwa kalamu yao wenyewe ili wapate maki.

Kwa hivyo ukisema “haituhusu”, sema vizuri: “mimi sijasoma”. Hapo tutaelewana.

La pili: “Lakini ni lugha ya kiufundi. Inaeleza kitu sawasawa.”

Hapa ndipo nafurahi, juu hapa nyinyi mnaojiita wahandisi mnakosea kwenye uhandisi wenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kukutisha nayo, lakini kusoma maelezo ya chipu hakuhitaji kofia ya mahafali.

Anza na kompyuta za zamani, zile zilizokuwa na kebo pana bapa ya IDE. Mafundi wa Luthuli Avenue wenye mvi kidogo wanazikumbuka. Unaweka diski mbili kwenye kebo moja, halafu nyuma yake unasogeza kijampa kidogo cha plastiki kuchagua hii ni “master”, hii ni “slave”. Sasa niambie, diski ya “master” ilikuwa inaiamrisha ile nyingine kufanya nini? Hakuna. Zote mbili zilikuwa zinapokea amri kutoka kwa kompyuta. Kiwango rasmi cha ATA chenyewe kiliziita Device 0 na Device 1. Kifaa namba sifuri, kifaa namba moja. Basi. Watu wakaacha namba zilizosema ukweli wakachukua utumwa ambao hata haukuwepo.

Haya, turudi kwa I2C, iliyotengenezwa na Philips mwaka wa 1982. Kuna waya ya data na waya ya saa. Kontrola ndiyo hupiga mapigo ya saa, na kifaa kinafuata. Unaona, unasema, huyo ni bwana. Subiri. Kifaa kikilemewa, kinaweza kuishika ile waya ya saa chini, na kontrola ingoje. Haina la kufanya. Inangoja mpaka kifaa kiachilie. Sasa ni mtumwa wa aina gani huyo anayemwambia bwana “tulia hapo kwanza”, na bwana anatulia?

Hiyo si bwana na mtumwa. Hiyo ni dereva na makanga. Dereva ameshika usukani, mwendo ni wake, lakini makanga akigonga bodi gari inasimama, juu kuna mama ana mguu mmoja ndani na mwingine bado uko lami. Makanga akigonga mara mbili, twende. Kila mtu ana kazi yake na kila mmoja anaweza kumngojesha mwenzake. Umewahi kusikia mtu akimwita makanga mtumwa wa dereva? Jaribu kumwambia hivyo pale stage uone utakavyoshuka.

Na si hapo tu. I2C inaruhusu kontrola zaidi ya moja kwenye waya zile zile. Kifaa kimoja kinaweza kuwa kontrola saa hii na baadaye kiwe ndicho kinachoitwa. Kwenye database, ile kuu ikizima usiku, nakala moja inapandishwa cheo na kuwa kuu, na asubuhi wateja hawajui hata kulitokea nini. Utumwa haukuwa zamu. Hakuna mtu aliyelala mtumwa Jumanne akaamka bwana Jumatano kwa sababu bwana alipata hitilafu ya umeme. Neno likishindwa kueleza mambo ya msingi kabisa ya kitu, hilo si neno la kiufundi. Ni mazoea.

Na halikuwa la lazima kamwe. USB ilipotoka mwaka wa 1996 ilitumia “host” na “device”. Mwenyeji na kifaa. Umechomeka flashi, panya na chaja maisha yako yote bila kuhitaji mtumwa hata mmoja, na vyote vikafanya kazi.

La tatu: “Kubadilisha ni kazi ya bure. Kila mahali pameandikwa hivyo.”

Pameandikwa wapi? Kwa makaratasi ya lec wako, ambayo alirithi kutoka kwa lec wake. Huko nje watu wamehama kitambo. Redis ilibadilisha mwaka wa 2018 kwenye toleo la 5, amri ya SLAVEOF ikapata jina jipya la REPLICAOF. MySQL ilitangaza mwaka wa 2020 kwamba inahamia “source” na “replica”. Mwaka wa 2021, NXP, kampuni iliyorithi I2C kutoka Philips, ilitoa toleo jipya la mwongozo rasmi na kuandika “controller” na “target” mahali pote. Wenye I2C wenyewe! Arduino wenyewe kwenye maelezo yao ya SPI wanatumia COPI na CIPO badala ya MOSI na MISO. Herufi mbili mbili tu zimebadilika, waya ni zile zile.

Na kwa MySQL jambo hili limevuka heshima likafika kwa mfuko wako. Ile amri ya SHOW SLAVE STATUS ambayo bado inafundishwa iliondolewa kabisa kwenye toleo la 8.4 la mwaka wa 2024. Ukiiandika, mashine inakukatalia. Haielewi unaongea nini. Amri ya sasa ni SHOW REPLICA STATUS. Kwa hivyo picha hii: kijana amelipiwa karo na mzazi aliyeuza ng'ombe, anaingia kwa intavyu, anapewa kompyuta, anaandika alichofunzwa, na anapata kosa jekundu kwenye skrini. Si kwa sababu ni mjinga. Ni kwa sababu mtu fulani aliona kubadilisha ukurasa mmoja ni kazi ya bure.

Nilipokuwa bado chuoni nilimuuliza mmoja wa walimu wetu kwa nini mchoro wake bado una maneno hayo. Jibu lilikuwa kwamba mtihani utakuja hivyo, kwa hivyo tuandike hivyo. Nani anatunga huo mtihani? Yeye. Hapo ndipo nilielewa kwamba mambo mengi tunayoambiwa “ndivyo yalivyo” ni mtu mmoja tu aliyechoka kufungua faili.

La nne, na hili nalipa heshima yake, juu ndilo gumu: “Hayo makampuni makubwa yalibadilisha neno ili yasibadilishe kitu kingine chochote.”

Ndio. Mara nyingi ni kweli. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu vijana wa hapa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuweka alama kwenye maandishi machafu kabisa ya intaneti, ili roboti ya kampuni ya OpenAI ijifunze adabu, na wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mwaka mmoja kabla, 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja video na picha za Facebook hapa hapa Nairobi, aliishtaki Meta na kampuni ya Sama kwenye mahakama ya Kenya. Meta ilijitetea kwamba mahakama zetu haziwezi kuihukumu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema zinaweza.

Kwa hivyo usidhani mimi ni mtoto. Naona vizuri kwamba sekta inaweza kuondoa mtumwa kwenye mwongozo wa chipu huku msee wa Nairobi analala na picha za kuchinjwa kwa watu kichwani kwa pesa ya nauli. Kubadilisha lebo hakumlipi mtu.

Lakini sasa nieleze hesabu yako inafikaje mwisho. Kampuni ilibadilisha neno na haikubadilisha mshahara, kwa hivyo sisi tulirudishe neno? Hiyo ni kama kusema mwenye nyumba alipaka ukuta rangi lakini choo bado kimeziba, kwa hivyo tukwangue rangi. Hapana. Rangi ibaki, na choo kizibuliwe. Unadai vyote viwili. Na mtu aliyezoea kusema “slave” mara hamsini kwa siku bila kusikia anachosema, huyo ndiye rahisi kuzoeshwa kutosikia na yale mengine. Lugha ya kazi inafundisha masikio ni nini kisikike na ni nini kipite.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo linaniuma zaidi, na ni la Kiswahili chenyewe.

Liangalie neno “mtumwa”. Limetoka kwa “kutuma”. Mtumwa ni yule anayetumwa. Kutoka mzizi huo huo tunapata mtume na mtumishi. Mababu zetu walikuwa na kitenzi kimoja cha kawaida, cha mama kumtuma mtoto dukani, na historia ikaingia ndani yake ikakipinda mpaka kikabeba minyororo. Lugha yetu inabeba alama za jambo hili kwenye mwili wake. Ndiyo maana sentensi ile ya mwanzo ilikukwama kooni. Si kwa sababu Kiswahili ni maskini kwa mambo ya teknolojia, kama wengine wanavyopenda kusema. Ni kwa sababu Kiswahili kinakumbuka. Kiingereza kwetu ni lugha ya mtihani, tunaweza kusema chochote ndani yake bila kuhisi. Kiswahili ni cha nyumbani, hakitakuruhusu.

Kwa hivyo tutumie huo uwezo. Kabla hujapokea istilahi yoyote, ilete nyumbani, iseme kwa Kiswahili, uone kama itakaa. Na ukifanya hivyo kwa jozi hii, utapata maneno bora kuliko ya Kiingereza. Kwa database sema asili na nakala. Mtoto wa darasa la sita ataelewa hapo hapo ni ipi inaandikwa kwanza. Kwa I2C na SPI sema kontrola na kifaa. Kwa diski mbili kwenye kebo moja, ya kwanza na ya pili. Kwa saa zinazofuatana, saa kuu na saa fuasi. Kila jozi inaeleza kazi inayofanyika, ndiyo maana ni tofauti tofauti. Wavivu walitaka jozi moja ya kila kitu, na wakachagua mbaya kuliko zote.

Cha kufanya ni kidogo, kwa hivyo usiniambie ati huna nguvu.

Ukiwa unaandika programu yako mwenyewe, majina ni yako. Badilisha leo. Ukiwa na bodi ya zamani iliyochapishwa MOSI na MISO, usihangaike kuikwaruza. Andika kwenye daftari mara moja kwamba MOSI ni COPI na MISO ni CIPO, ili usipotee, halafu uendelee na mapya. Ukiwa unafundisha wadogo zako ama kikundi cha mtaani, waanzishe na maneno mapya kabisa. Hawatajua hata kulikuwa na mengine mpaka wakutane nayo kwa karatasi kuukuu. Na ukiwa darasani, inua mkono. Kwa adabu. Mwambie, “Mwalimu, mwongozo wa NXP wa 2021 unasema kontrola, na MySQL ya sasa inakataa hii amri, tunaweza kuandika ya sasa?” Usianze na hotuba ya historia. Anza na lile kosa jekundu kwenye skrini, hilo hakuna mtu wa kulipinga.

Akikataa, muombe kitu kimoja tu. Muombe asome huo ukurasa wake kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya darasa zima.